Sudoku ngumu haitatuliwi kwa kubahatisha

Masika yanapoingia hapa Morogoro, vilele vya Uluguru hufichwa na mawingu tangu asubuhi, na jioni familia nyingi hujikuta ndani mapema. Katika nyumba kadhaa siku hizi saa hizo hupitishwa kwa sudoku. Baba ana ukurasa aliouchana gazetini, binti anayo katika simu, na mdogo wao anachungulia begani. Fumbo jepesi humalizwa kabla chai haijapoa. Fumbo gumu huanza vizuri, kisha hufika mahali likakwama, na hakuna namba inayojitokeza tena. Hapo ndipo hutamkwa maneno ambayo makala hii imekusudia kuyajibu: “Wewe weka tu yoyote, tutajua mbele ya safari.”

Tatizo ni kwamba mbele ya safari hatujui. Namba iliyowekwa kwa kubahatisha haipigi kelele ikiwa si sahihi. Hukaa kimya mahali pake, ikazaa nyingine, na hizo zikazaa nyingine, mpaka mwisho kabisa 6 mbili zikutane katika mstari mmoja. Wakati huo jedwali limejaa, na aliyelijaza hawezi tena kupambanua lipi alilijua na lipi alilibuni. Hana budi kufuta yote.

Nalitaja jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu watoto wetu wamezoezwa njia nyingine. Mtihani wa kuchagua herufi moja kati ya A na E humpa mtoto asiyejua kitu nafasi moja kati ya tano ya kupata maksi. Akibahatika, hakuna anayemuuliza umejuaje. Sudoku huuliza swali hilo katika kila kijumba. Ndiyo maana naona inafaa wazazi wajifunze mbinu zake za juu, wapate kuwafundisha watoto kwamba kukwama si ruhusa ya kubahatisha.

Asili ya jedwali hili

Kwa asiyelijua, jedwali la sudoku lina mistari 9 ya kulala na safu 9 za kusimama, hivyo lina vijumba 81. Limegawanywa pia katika miraba 9, kila mraba vijumba 9. Namba 1 hadi 9 ziandikwe hivi kwamba kila moja itokee mara moja tu katika kila mstari, kila safu na kila mraba. Mtunzi hukupa namba chache za kuanzia, na fumbo lililotungwa vema lina jibu moja tu.

Wengi hudhani mchezo huu ulizaliwa Japani. Jina ndilo la Kijapani, nalo hudokeza kwamba kila namba ibaki peke yake. Fumbo lenyewe lilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, na mtunzi wake anatajwa kuwa Howard Garns, msanifu majengo mstaafu. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli, chini ya Maki Kaji, ililipeleka kwa wasomaji wa Japani. Kisha Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, alitengeneza programu ya kutunga mafumbo hayo, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha. Kutoka hapo likaenea duniani. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Lucca, Italia, mwaka 2006, na mshindi alikuwa mwanamke, Jana Tylová wa Jamhuri ya Cheki.

Hata hivyo, mzizi wake ni mkongwe zaidi. Jedwali ambalo kila alama hutokea mara moja katika kila mstari na kila safu, wanahisabati huliita mraba wa Kilatini. Leonhard Euler wa Uswisi aliliandikia utafiti uliochapishwa mwaka 1782, lakini majedwali ya namna hiyo yalikwishaonekana karne nyingi kabla katika maandishi ya Kiarabu yanayonasibishwa na Ahmad al-Buni, aliyefariki mwaka 1225. Huko yalitumiwa katika hirizi na talasimu, mambo ambayo wanazuoni wengi wameyakemea, nasi hatuna haja nayo. Inatosha kukumbuka kwamba namba zikipangwa hazina siri nyingine zaidi ya mpango wenyewe.

Mraba huo una matumizi yenye faida, na yanahusu mji wetu. Fikiri mtafiti anataka kulinganisha mbegu nne za mahindi katika shamba lililo kwenye mteremko. Mkulima wa Mgeta anajua bila kuambiwa kwamba udongo wa tuta la chini si sawa na wa tuta la juu, maana mvua huuteremsha. Mbegu moja ikipandwa chini tupu, itasifiwa kwa rutuba isiyokuwa yake. Basi mtafiti hugawa shamba mistari minne na safu nne, na kila mbegu huipanda mara moja katika kila mstari na mara moja katika kila safu. Kwa mpango huo mteremko haumpendelei yeyote. Ronald Fisher aliueneza utaratibu huu katika majaribio ya kilimo Uingereza tangu miaka ya 1920, na sasa ni sehemu ya kawaida ya elimu ya kilimo. Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, tusiione sudoku kuwa mchezo wa wageni. Kanuni yake ni ile ile inayomzuia mtafiti asihukumu kwa dhana.

Andika usichokijua

Mbinu zote za juu zimesimama juu ya tendo moja. Katika kila kijumba kitupu, andika kwa penseli, kwa maandishi madogo, namba zote ambazo bado zinaweza kukaa humo. Tuziite wagombea. Ukitazama mstari, safu na mraba wa kijumba hicho, utafuta zilizokwisha kutumika, na zinazobaki ndizo wagombea wake. Kazi hii huchosha, na wengi huikwepa. Lakini anayeikwepa hujaribu kukumbuka kichwani mambo mengi mno, na kichwa kikielemewa huanza kubahatisha.

Angalia maana ya tendo hilo. Anayeandika wagombea hajui jibu bado, ila anajua mipaka ya kutojua kwake. Anaweza kusema: “Hapa sijui, lakini ni ama 2 au 5, wala haiwezi kuwa nyingine.” Kutojua kwenye mipaka ni hoja, na hoja hiyo ndiyo itakayofanya kazi katika mbinu zifuatazo.

Jozi ya wazi

Tuseme katika mstari mmoja vimebaki vijumba vitano vitupu, na namba zinazokosekana ni 1, 2, 5, 7 na 9. Tuviite vijumba hivyo A, B, C, D na E. Wagombea wake ni hawa: A ana 2 na 5, B ana 1, 2 na 5, C ana 2 na 5, D ana 1, 7 na 9, E ana 1, 2 na 7.

Kwa jicho la haraka hakuna kilichoamuliwa, maana kila kijumba kina wagombea wawili au zaidi. Sasa tazama A na C. Vyote viwili vina 2 na 5 tu. Hatujui nani atapata ipi, lakini ikiwa A ni 2 basi C ni 5, na ikiwa A ni 5 basi C ni 2. Kwa vyovyote vile, 2 na 5 zimekwisha, na hakuna kijumba kingine cha mstari huo kinachoweza kuzipata. Zifute katika B, naye abaki na 1. Zifute katika E, abaki na 1 na 7. Lakini 1 imechukuliwa na B, basi E ni 7. Sasa D hana 1 wala 7, hivyo ni 9.

Zingatia kilichotokea. Vijumba viwili ambavyo mpaka sasa hatuvijui vimetupa vitatu tunavyovijua kwa yakini. A na C vitasubiri ushahidi kutoka safu zao au mraba wao, na kusubiri huko hakukutuzuia kusonga mbele. Mwenye haraka angelibahatisha A, na huenda angelikosea, ilhali hakuwa na haja nayo.

Kanuni hii hufanya kazi pia kwa vijumba vitatu vyenye wagombea watatu tu baina yao. Tuiite utatu wa wazi. Si lazima kila kijumba kiwe na wote watatu. Mmoja akiwa na 3 na 8, wa pili 8 na 9, wa tatu 3 na 9, hukumu ni ile ile.

Jozi ya siri

Mara nyingine jozi hufichwa na wagombea wengi. Tuseme ndani ya mraba mmoja namba 4 na namba 6 haziwezi kukaa ila katika vijumba viwili. Kimoja kina wagombea 1, 4, 6 na 9, na cha pili kina 2, 4 na 6. Namba mbili zina nyumba mbili tu, hivyo nyumba hizo ni zao. Futa 1 na 9 katika kile cha kwanza, futa 2 katika cha pili. Hapa hatukuuliza kijumba kina nani. Tumemuuliza mgombea ana wapi pa kwenda. Fumbo likikwama kwa swali la kwanza, aghalabu hufunguka kwa swali la pili.

Mraba na mstari

Katika mraba wa juu kushoto, tuseme namba 7 inaweza kukaa katika vijumba viwili tu, na vyote viwili viko katika mstari wa 2. Hatujui ni kipi. Lakini tunajua kwamba 7 ya mstari wa 2 itatoka katika mraba huo. Basi futa 7 katika vijumba vingine vyote vya mstari wa 2, vilivyo katika mraba wa kati na wa kulia.

Kinyume chake pia ni sahihi. Ikiwa nafasi zote za namba fulani katika mstari zimo ndani ya mraba mmoja, futa namba hiyo katika vijumba vingine vya mraba huo. Mafumbo mengi yanayoandikwa “magumu” gazetini hayahitaji zaidi ya mbinu hizi za mwanzo zikitumiwa kwa subira.

Pembe nne

Sasa tupande juu kidogo. Chagua namba moja, tuseme 5. Umechunguza mstari wa 2 ukaona 5 inaweza kukaa katika safu ya 3 au ya 8 tu. Umechunguza mstari wa 7 ukaona hivyo hivyo: safu ya 3 au ya 8 tu. Vijumba hivyo vinne ni pembe za mstatili.

Ikiwa mstari wa 2 utachukua safu ya 3, mstari wa 7 hauna budi kuchukua safu ya 8. Ikiwa mstari wa 2 utachukua safu ya 8, mstari wa 7 utachukua safu ya 3. Katika hali zote mbili, safu ya 3 imepata 5 yake, na safu ya 8 imepata 5 yake, kutoka katika mistari hiyo miwili. Basi futa 5 katika vijumba vingine vyote vya safu ya 3 na ya 8. Mistari na safu huweza kubadilishana nafasi katika hoja hii. Aidha, hoja hiyo huendelea kwa mistari mitatu, iwapo nafasi zote za namba hiyo katika mistari hiyo zimo katika safu tatu zile zile.

Mhimili na mbawa mbili

Mbinu ya mwisho ndiyo niipendayo kuliko zote. Tafuta kijumba chenye wagombea wawili, tuseme 2 na 6, kilicho mstari wa 5 safu ya 5. Hicho ni mhimili. Katika mstari huo huo, safu ya 1, kipo kijumba chenye 2 na 9. Katika safu ile ile ya mhimili, mstari wa 9, kipo kijumba chenye 6 na 9. Hizo ni mbawa.

Ikiwa mhimili ni 2, bawa la kwanza haliwezi kuwa 2, hivyo ni 9. Ikiwa mhimili ni 6, bawa la pili haliwezi kuwa 6, hivyo ni 9. Mhimili hauna njia ya tatu. Kwa hiyo moja ya mbawa hizo lazima iwe 9. Sasa tazama kijumba cha mstari wa 9, safu ya 1. Kiko safu moja na bawa la kwanza, na mstari mmoja na bawa la pili. Yeyote kati yao akiwa 9, kijumba hiki hakiwezi kuwa 9. Futa.

Kuhusu kudhania

Atauliza msomaji: je, hakuna mafumbo yanayoshinda mbinu zote hizi? Yapo. Mwanahisabati wa Finland, Arto Inkala, alitunga mwaka 2006 fumbo lililopata umaarufu kwa ugumu wake, na katika mafumbo ya daraja hilo mbinu hizi hazitoshi. Hapo mtatuzi hulazimika kusema: “Tuchukulie kijumba hiki ni 4, tuone.” Lakini huko si kubahatisha, maadamu dhana imeandikwa pembeni kuwa ni dhana, na inafuatwa mpaka itoe hukumu. Ikileta mgongano, 4 inafutwa kwa ushahidi. Isipoleta mgongano, bado haijathibiti, wala haiandikwi kwa wino. Mwenye kubahatisha huisahau dhana yake baada ya hatua tatu na kuiita ukweli. Tofauti iko hapo.

Kabla ya kujitesa, hesabu namba ulizopewa mwanzoni. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, baada ya kazi ndefu ya kompyuta, walionyesha kwamba fumbo lenye namba chini ya 17 haliwezi kuwa na jibu moja tu. Ukikuta lina 16 au pungufu, kosa ni la mtunzi. Lakini wingi wa namba si dalili ya wepesi. Lipo fumbo la namba 25 linalosumbua kuliko la 20.

Sheria ya nyumbani

Napendekeza kwa familia sheria moja: asiandike mtu namba kwa kalamu mpaka aseme kwa sauti kwa nini, na mwingine akubali. Mtoto wa darasa la tano akimwambia baba yake, “Hoja yako haijatosha,” na baba akarudisha kalamu mezani, fumbo hilo limekwishalipa hata kama halikumalizika. Mtoto huyo amejifunza kwamba umri na sauti kubwa si ushahidi. Siku atakapoletewa uvumi kuhusu jirani, au hesabu za kikundi zisizolingana, atajua kuuliza tunajua nini, hatujui nini, na mpaka uko wapi. Na fumbo likikwama, lifungeni mwende mkaswali au mkalale. Vijumba havihami.

Zoezi la wiki hii ni hili. Katika mraba mmoja vimebaki vijumba vitano, na namba zinazokosekana ni 3, 4, 6, 8 na 9. Wagombea ni: P ana 3, 8 na 9, Q ana 3, 4, 6 na 9, R ana 3, 8 na 9, S ana 4, 6 na 8, T ana 3, 8 na 9. Ni wagombea gani wafutwe katika Q na S? Mmoja wenu athibitishe kwa jozi ya siri, na mwingine athibitishe kwa utatu wa wazi. Mkifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, mtaonja ladha ya yakini. Jibu tutaliona wiki ijayo, inshaallah.